Milonga Anabisha Hodi

Jumatatu, Julai 8

Daktari amekata shauri. Ngiri ya kinena lazima ipasuliwe, Jumatatu ijayo. Nilimwambia imepungua yenyewe. Akaibonyeza kwa kidole. Nikaona nyota mchana kweupe.

Ngiri si kitu. Shida ni Milonga. Nani atakaa naye? Tangu Irma wangu afariki, mimi na mbwa huyu hatujalala nyumba mbalimbali hata mara moja. Kwangu ni binti wa adabu. Akitaka kutoka hukwaruza mlango, hata mvua iwe ya mawe. Zulia la Irma halijapata tone.

Lakini avuke kizingiti cha mtu mwingine! Hunusa. Huzunguka. Huchutama, huinua mguu mmoja nusu kama anayeanza dansi, hudondosha kidogo tu. Kisha hunitazama kama mtu aliyemaliza kazi aliyotumwa.

Hapa mjini Salto watu hawajui bado. Walioona niliwaambia ni chai ya yerba imemwagika.

Mpango: kumpeleka kwa watu kama mgeni tu. Waone alivyo mpole. Wampende. Waombe wenyewe kukaa naye. Mimi nitajifanya kusitasita. Mpango mzuri mno!

Nereo wa ng'ambo ya barabara simwombi. Afadhali nipasuliwe bila ganzi. Ni yeye aliyetangaza pale klabuni, tunapocheza mchezo wa kuviringisha tufe, kwamba nilisogeza tufe kwa ncha ya kiatu. Nikasema ni upepo. Akasema ndiyo, upepo uliovaa soksi. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Hatujasalimiana tangu siku hiyo.

Jumanne, Julai 9

Kwa shemeji Zulma, dada yake Irma. Asubuhi niliamua kumnyima Milonga maji, aende akiwa mkavu. Alikaa mbele ya bakuli tupu akanitazama. Hakulia, alitazama tu. Nikalijaza mwenyewe, tena mara mbili.

Basi nikabuni jingine. Chupa ndogo ya chai mfukoni. Akidondosha, namwaga juu yake, naomba radhi, yamekwisha.

Mvua ilikuwa inanyesha, na kwetu mvua ni maandazi, kwa hiyo Zulma alikuwa ameyakaanga. Nikala matano. Nikamweleza kwamba Milonga ni safi kuliko mtawa. Ana roho ya mtawa, ana tabia za mtawa. Nageuka, mtawa amechutama juu ya mto wa paka!

Nikatoa chupa haraka. Kizibo kikagoma. Nikavuta kwa meno. Chai ikaruka yote mapajani mwa Zulma.

Zulma akatazama sketi yake. Akatazama mto. Akauliza polepole, "Shemeji, dimbwi hili ni lako. Lile la pili ni la nani?"

Nikasema paa linavuja. Tukaondoka. Alinifungia maandazi mengine kwenye kitambaa, nadhani kwa huruma.

Jumatano, Julai 10

Kwa daktari wa mifugo, Techera, dada mmoja mkali kidogo. Nilimwambia ni mbwa wa rafiki yangu. Milonga alikuwa amekaa juu ya viatu vyangu, kichwa gotini kwangu. Techera akasema rafiki yangu huyo ana bahati.

Akampima mkojo. Hana ugonjwa. Akasema hiyo si haja, ni alama. Nyumba ngeni imejaa harufu za wengine, naye roho yake haitulii. Basi anaacha harufu yake, apate pa kusimama. Nisimkaripie. Nimtembeze vizuri kabla ya kuingia. Ndani nimshike kwa kamba, nisimwache azurure. Akichutama nje, nimsifu. Pale alipodondosha paoshwe kwa sabuni inayomaliza harufu kabisa. Na niwe na subira.

Nikauliza kama kuna njia fupi. Akasema hakuna.

Njiani nikakumbuka sweta langu bovu. Mkono mmoja wa sweta, tundu la mkia, kamba ya kukazia. Suruali! Hao wenye digrii hawafikirii mambo rahisi.

Alhamisi, Julai 11

Kwa Padri Anselmo. Milonga alikataa kutembea na suruali. Alisimama kama sanamu katikati ya barabara, watu wakipita wakimpa pole. Nikambeba. Ngiri ikanikumbusha kwamba bado ipo.

Padri akauliza mbona mbwa kavaa sweta kwa nyuma. Nikasema anaona baridi. Tukakaa. Sebuleni kwake kuna sanamu ya San Roque, na miguuni pa mtakatifu yuko mbwa wa plasta ameshika mkate mdomoni. Milonga akamwona. Akamnusa puani, akamnusa na kwingine. Kumbe suruali imeshashuka, inaburuzika kwenye mguu mmoja kama bendera ya timu iliyofungwa. Akachutama. Akamtia alama mbwa wa mtakatifu!

Padri alicheka mpaka akakohoa. Akasema San Roque aliugua tauni akapona, hili halitamshinda. Lakini kumweka Milonga hawezi. Mtunza nyumba wake alikuwa ameshasimama mlangoni na ufagio, na si kwa ajili ya kufagia.

Alipokuwa ananisindikiza akaniambia, "Ovidio, kwa nini usimwambie Nereo? Yule mbwa wake, Tero, alikufa miezi michache iliyopita. Nyumba ile imenyamaza mno."

Nikamwomba asilitaje jina hilo mbele ya mtakatifu.

Ijumaa, Julai 12

Nimefikiria kuahirisha upasuaji. Nikainama kufunga kiatu, nikakaa chini dakika nyingi nikisubiri dunia itulie. Milonga alinilamba sikio muda wote. Siwezi kuahirisha.

Nimempigia kila mtu. Zulma ameshawapigia kabla yangu.

Umebaki mpango mmoja. Nimfunge Milonga kwenye lango la Nereo, nijifiche. Nereo atatoka, atamkuta, moyo utamlainika, atamwingiza ndani kama mbwa aliyepotea. Dosari ni moja tu: Nereo anamjua, anamwona kila siku. Niliamua kutoifikiria dosari hiyo.

Nilimfunga mchana, saa Nereo anapomaliza kula. Nikagonga lango, nikakimbia, yaani kwa mwendo wa mtu mwenye ngiri, nikajikunyata nyuma ya pipa la taka. Milonga hakulitazama lile lango hata kidogo. Alikaa akilitazama pipa, anatikisa mkia.

Nereo akatoka. Akamwona mbwa. Akafuata macho ya mbwa mpaka kwenye pipa.

"Toka huko, mzee. Utaingiwa na panya."

Nikatoka. Nilisema nimeangusha funguo. Hakuniuliza funguo zipi. Akamfungua Milonga, akasema tuingie, kuna baridi.

Nilikuwa sijaingia humo tangu mkewe alipokuwa hai. Kila kitu kimepangwa, hakuna hata makombo mezani. Karibu na jiko kuna blanketi la Tero, limekunjwa vizuri. Nikajua. Nikafungua mdomo kumwita Milonga, nimeshachelewa. Amefika, amenusa kwa muda mrefu, amechutama.

Nilitaka kusema paa.  Mtu kafiwa na mbwa wake, na wangu kakojolea blanketi! Nikasema hivyo hivyo ilivyo: kwangu hafanyi, kwa watu hufanya kila mara, kila nyumba, na hakuna anayemtaka.

Nereo akachuchumaa, magoti yakalia. Akampa Milonga kiganja anuse.

"Huyu hana kosa," akasema. "Anabisha hodi tu. Karibu, mama. Karibu."

Akalichukua lile blanketi, akalishika kidogo, akalitia kwenye beseni. Alikuwa amenipa mgongo. Kisha akauliza, bila kugeuka, napasuliwa saa ngapi Jumatatu.

Nikamwuliza kajuaje.

"Mji mzima unajua, Ovidio. Umezunguka mji mzima na mbwa wako, na mimi niko hapa ng'ambo. Nilikuwa nangoja uje unitukane basi, ili tuongee."

 Nilisema sabuni inatakiwa ile ya kumaliza harufu. Akasema atanunua.

Jumatano, Julai 17

Hospitalini. Nimepasuliwa, niko hai. Nimekatazwa kucheka. Hakuna cha kuchekesha.

Nereo alikuja alasiri. Amechana nywele! Siku ya kwanza, alisema, Milonga alitia alama mguu wa meza na mlango wa jikoni. Yeye akaosha, hakumkaripia. Ndani anatembea naye kwa kamba, chumba hadi chumba, kama watalii. Akila, wanatoka. Akiamka, wanatoka. Akichutama nje anapigiwa makofi, na jirani mmoja naye amezoea, anapiga makofi dirishani. Jana na leo ndani hakudondosha hata tone.

Kwa hiyo daktari Techera alikuwa sawa. Lakini nasisitiza kwamba suruali haikupewa nafasi ya kutosha.

Kisha Nereo akasema kuna jambo moja. Siku ya kwanza Milonga alikataa kula. Alilala mlangoni, pua kwenye ufa. Nereo akatumia ufunguo niliomwachia, akachukua shati langu la kazi, akaliweka kando ya bakuli. Ndipo akala. Sasa analala nalo, kichwa ndani ya kola.

Muuguzi akaja kuuliza kama kidonda kinaniuma, maana nalia. Nikasema ndiyo, kidonda.

Jumamosi, Julai 20

Nyumbani. Milonga alinizunguka mpaka nikapata kizunguzungu. Nimekatazwa kumtembeza, hivyo Nereo anakuja asubuhi na jioni. Wakirudi anapasha maji, tunakunywa yerba, tunasengenya timu nzima ya klabu. Anasema uongo mwingi. Ni mtu wa kupendeza.

Leo alicheka mpaka akajifuta machozi. Kisha akasema kwake jioni ni ndefu.

Nikasema hata huku.

Jumatatu, Agosti 5

Balaa! Daktari amenipima, amesema nimepona kabisa. Naweza kumtembeza mbwa mwenyewe. Ananipongeza!

Sasa Nereo atakuja kwa sababu gani? Ningeweza kumwambia njoo tu, bwana, tunywe yerba. Lakini mwanaume mzima anaanzaje kusema maneno kama hayo? Hayasemeki.

Nikapata wazo. Jioni aliposukuma mlango alinikuta kwenye kiti, mguu juu ya stuli, nimefunga goti kitambaa. Nikaguna. Nikainuka, nikachechemea mpaka dirishani na kurudi. Nikaligeuza goti upande wake ili aone vizuri.

Akauliza tangu lini ngiri ikashuka mpaka gotini. Nikasema hata madaktari wenyewe wameduwaa.

Alinitazama kwa muda. Alimtazama Milonga. Kisha akachukua kamba, akasema kwa sauti ya upole kabisa kwamba goti si la kuchezea, nipumzike wiki nyingi, na kesho atakuja mapema zaidi.

Ameamini! Ameamini yote! Hakika nina kipaji.

Kesho naongeza goti la pili.