Keki za Nanasi Kabla ya Mtihani

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Heri imeshuka kwenye nyumba yetu ya wazee. Bibi Tseng, muuguzi mkuu, katangaza mtihani. Jumanne tutapimwa tunajua nini kuhusu huduma shufaa, yaani kumtunza mtu asiyepona tena ili aende bila maumivu. Atakayeongoza anapewa zamu ya mchana. Zamu ya mchana! Mimi mwaka mzima niko jioni. Nikirudi, Kuan-yu wangu kalala. Ana miaka miwili, na jana kamwita mama mkwe “Mama”. Mama mkwe hakumsahihisha.

Nitashinda. Mpinzani ni mmoja tu, Dada Chiung-hui, ambaye watoto wake wako chuo kikuu. Jioni anaitakia nini? Dansi. Anataka kwenda kucheza dansi bustanini na wenzake.

Ijumaa, 8 Machi

Nimesoma huku namwogesha mtoto. Kijitabu cha mtihani kimetumbukia beseni­ni. Kurasa za maumivu zimenusurika, za chakula zimegandamana. Si neno. Kulisha mtu nani asiyejua?

Jumamosi, 9 Machi

Hekaluni, kwa mungu wa mitihani. Dada Chiung-hui kanitangulia. Figili ya bahati aliyoitoa sadaka ni nene kama paja. Kaiangalia yangu, kaniuliza kama nimeiopoa kwenye supu. Nimecheka kwa adabu. Nikiwa bado nacheka, wazo likanijia.

Jumapili, 10 Machi

Kila aliyewahi kuvaa sare ya uuguzi nchi hii anajua: nanasi haliingii kazini. Nanasi huita kazi. Lionje tu, kengele zitalia vitanda vyote. Kesho mimi ninapumzika, Dada Chiung-hui yuko zamu. Basi nimenunua keki za nanasi, nikazihamishia kwenye boksi la keki za maharage, nikaliacha kabatini mwake na salamu za kumtakia heri. Yeye akimbilie kengele, mimi nisome. Usingizi wenyewe umenikimbia kwa furaha.

Jumatatu, 11 Machi

Simu ya Bibi Tseng. Dada Chiung-hui kafika kazini anaumwa jino, karudishwa nyumbani, nije nishike zamu yake. Nikauliza kama amekula kitu. Hajala kitu, maskini, hata keki zake kawagawia wenzake.

Nimekuta boksi tupu. Mlinzi alikuwa anajifuta makombo mdomoni, anasifu maharage.

Kengele zikaanza. Babu Kao kajifungia chooni na redio yake. Lifti ikagoma na chakula cha jioni ndani. Katikati ya hayo, Bibi Yeh wa kitanda cha dirishani kakaza midomo. Yuko mwishoni, uji hautaki tangu juzi. Mwanawe, mtu mzima mwenye mvi, kashika kijiko huku analia, anasema mama akifa na njaa atatangatanga nayo huko aendako.

Nikamwambia, Mjomba, weka kijiko chini.

Akaniuliza, mtoto wa juzi wewe, unanifundisha mama yangu?

Nikamwambia ndiyo, na usipokiweka nitakunyang'anya kama ninavyomnyang'anya mwanangu. Akakiweka. Nikampa pamba yenye chai, nikamwonyesha namna ya kulowesha midomo. Bibi akafyonza kidogo, kisha akamshika mwanawe kidole, hakukiachia. Nimesimama pale muda mrefu kuliko nilivyotakiwa. Kengele zililia, zikalia.

Sijasoma hata mstari.

Jumanne, 12 Machi

Mtihani. Maswali ya maumivu nimeyafagia yote. Mofini, dawa ya maumivu makali, nimeifagia. Kisha: mgonjwa aliye mwishoni akikataa chakula, alazimishwe? Ukurasa uliogandamana! Nikapiga hesabu. Huu ni mtego. Nyumba isiyolisha wazee si itafungwa? Nimeandika NDIYO kwa herufi kubwa, wajue sina wasiwasi.

Jumatano, 13 Machi

Nimelingana na Dada Chiung-hui! Tunarudia Jumatatu, sisi wawili tu.

Bibi Tseng kaniita pembeni. Kumbe juzi alikuwa mlangoni kwa Bibi Yeh, kaona yote. Kaniuliza, mkono wako unajua, kalamu yako ina nini? Nikamwambia ile haikuwa huduma shufaa, nilikuwa namtuliza Mjomba tu. Kanitazama, kapumua, kasema nisome ukurasa wa chakula.

Jioni mwana wa Bibi Yeh kaja kumchukua mama, akamalizie siku zake nyumbani angali na pumzi, kama inavyostahili. Kaniinamia hadi nikaona aibu. Kumbe ni mkulima. Kaniwekea zawadi garini kwake, tena akanipeleka kuichukua: nanasi zima kutoka shambani mwake, zito kama Kuan-yu alipozaliwa.

Ukurasa wa chakula nitausoma nikipata nafasi. Kosa langu nimeshaliona. Keki zinagawika. Nanasi zima na majani yake, likimngoja kabatini, Dada Chiung-hui atamgawia nani?

Jumapili ninapumzika, yeye yuko zamu. Na jino ameshang'oa.