Chombo cha Kusikiliza Chuma Kilivyoniumbua

Jumamosi, 8 Agosti 1953. Mambo yalianza saa tatu asubuhi.

Leo nimeumbuka mbele ya kijiji kizima. Ninyi wenzangu wa bwenini, ambao najua mtalichungulia daftari hili hata nikilifungia sandukuni, someni polepole na mzibe midomo.

Sauti yangu mnaijua. Mwalimu akiniuliza swali, aliyekaa mbele yangu ndiye huwatangazia wengine jibu langu. (Hata kuku wa Bibi nikiwafukuza hunitazama tu.)

Basi, saa tatu tulikuwa kwenye mahame ya wazazi wa Bibi, upande huu wa Nyarugusu. Watu walihama huko zamani kwa ajili ya malale. Nyumba zimeanguka, sasa ni shamba la mihogo na mabaki ya ua wa minyaa. Baba yake Bibi alikuwa mhunzi. Vita ya Mjerumani ilipoanza, mama yake alitunga uzi wa hela, zile zenye tundu katikati, akazitia kwenye kijungu na kukifukia kizingitini. "Utazivaa siku ya kuolewa," alimwambia Bibi. Kabla siku hiyo haijafika, mama akafa, watu wakahama. Bibi hana kitu kingine chochote cha mama yake. Hata kipande cha nguo.

Mjomba Shija, mtoto wake Bibi, alipigana vita ya juzi huko Bama, na huko alifundishwa kutafuta mabomu yaliyofukiwa. Mzungu wake wa mgodini amenunua chombo cha kazi hiyo katika mabaki ya vita, akamwazima hadi kesho. Jamani! Ni mti mrefu wenye sahani ya duara chini, sanduku la betri mgongoni, na vitu viwili vya kuziba masikio ambavyo ndivyo vinasikiliza. Mjomba alifukia msumari akanivisha. Ule mvumo ulipopanda na kulia juu ya msumari nisiouona, mwili ulinisisimka wote. Ardhi inasema!

Akatokea mwenye mihogo, Mzee Lugembe, jembe begani, na watu wengi nyuma yake.

"Shikamoo, mzee," Mjomba akasema.

"Marahaba. Mnatafuta dhahabu chini ya mihogo yangu?"

"Hapana, mzee. Tunatafuta hela za marehemu bibi yangu, aliyemzaa mama huyu."

"Haya. Kidude chenu kipitisheni mtakavyo. Lakini shimo ni moja tu! Sitaki shamba langu ligeuke mgodi."

Shimo moja, na kizingiti hata Bibi hakumbuki tena kilikuwa wapi. Mjomba akaanza. Chombo kikalia. Akasogea, kikalia. Akaruka hadi kwenye minyaa, kikalia zaidi! Alikwangua kwa kidole cha mguu, likatoka bonge jeusi.

"Mavi ya chuma," Bibi akasema. "Baba amefua chuma hapa maisha yake yote. Udongo wote ni yeye."

Nikaomba nivae tena. Sikujali jua wala watu. Nilipita taratibu, na kila mahali chini ya miguu yangu kulikuwa na kilio. Mtu amekufa kabla mama yangu hajazaliwa, na kazi yake bado inapiga kelele! Nilitaka kulia na mimi.

Hapo ndipo nilipomwona Bibi amejifunika mdomo kwa kanga, anamtazama Mzee Lugembe. Mzee alikuwa anacheka na mtu, mwanya wake mkubwa wote nje. Nikakumbuka. Jana jioni, tukimenya viazi, Bibi alinisimulia juu ya mchumba mwenye mwanya, aliyekuja kumposa na mbuzi. Mhunzi akatoka na koleo lenye chuma cha moto. Mchumba akatimua mbio, shuka ikanasa kwenye ua, ikabaki.

Nikamsogelea Bibi. Nikamnong'oneza. (Nilidhani namnong'oneza! Masikio yamejaa mvumo, ningejuaje?)

"BIBI, NDIYE HUYU ALIYEKUJA KUKUPOSA AKAKIMBIA UCHI?"

Nikaona vinywa vyote viko wazi. Mama mmoja alikaa chini kabisa, mabega yanatikisika. Mjomba akanivua chombo masikioni, na kicheko cha watu kikaniingia chote kwa mkupuo.

Mzee Lugembe hakucheka.

"Uchi? Nani uchi? Nilivaa ngozi ya mbuzi ndani!"

"Shikamoo, babu," nikasema. (Ndilo neno pekee lililonijia.)

"Nyamaza! Watu wote tazameni hapa!" Akatupa jembe, akaingia kati ya mihogo. "Mkwaju ule pale, sivyo? Nilipita chini yake. Nikasimama hapa. Baba yake akatoka hapo, ameinama, mlango wake ulikuwa mfupi kama wa kuku. Nami nikageuka hivi!" Akakimbia kweli, mzee yule, akishika kiuno kuonyesha ile ngozi ilivyokuwa.

Watu waligaagaa kwa kicheko. Bibi peke yake hakucheka. Alikuwa anatazama udongo.

"Lugembe," akamwita kwa upole. "Rudi. Nionyeshe tena baba alipoinama."

Mzee akasimama. Alimtazama Bibi, akarudi, akaweka mguu wake mahali.

"Chimbeni," akasema. "Hata mihogo ikatike."

Mjomba alichimba mpaka goti. Jiwe bapa. Chini ya jiwe, kijungu kimepasuka. Uzi umeoza, lakini hela zimelala bado kwa mstari, zimeshikana, kijani. Bibi alizipokea kwa mikono miwili, akazinusa.

"Mayu," akasema. Mama. Sijawahi kumsikia Bibi akiita hivyo. Sauti ilikuwa ya mtoto.

Jumapili asubuhi

Kabla ya kwenda kanisani nimepeleka viazi kwa Mzee Lugembe kuomba radhi. Mzee ameniona kwa mbali akaingia zizini. Mke wake akapokea viazi, akanivutia kigoda.

"Nimeishi na mwanamume huyu tangu nina meno yote," akasema, "na hajaniambia habari ya shuka hata siku moja. Kaa. Anza mwanzo."

Nikakaa. Nikaanza mwanzo.

Ninyi msicheke tafadhali. Mke wa Mzee amekwisha kucheka kwa ajili yenu wote.