Jirani wa Kukodi

Kuzumi aliingia katika duka la bunduki la mzee Nishiwaki kwa sababu moja tu: jiko la mle ndani lilikuwa linawaka, na kuota moto ni bure. Nje, theluji ya kwanza ya mji wa Takada ilikuwa inamwagika, na viatu vyake vya ngozi, vya kutia watu imani, havikuumbwa kwa theluji. Alikuwa anajitia kusoma katalogi alipoingia mama mfupi wa miaka sabini hivi, mwenye buti za mpira, akaipiga kaunta kofi.

"Nishiwaki, nipe bunduki yangu!"

"Mama Horigome, umeinunua, sawa. Lakini haitoki hapa mpaka polisi wakupe kibali. Mtihani umefaulu. Cheti cha daktari kwamba una akili timamu unacho..."

"Alinipima mpaka akachoka yeye."

"Bado kabati la chuma la kuwekea bunduki lifungwe ukutani, na polisi wawaulize majirani tabia yako."

Mama akashusha pumzi. "Basi nimekwisha. Majirani wote nimegombana nao mambo ya taka. Na theluji ikiyeyuka, nguruwe mwitu watafukua machipukizi yangu yote ya mianzi, kama mwaka jana."

Kuzumi akafunga katalogi. Wengine wangesikia kilio cha mjane. Yeye alisikia riziki, na tumpe haki yake, hicho nacho ni kipaji.

Alimwahi nje, akainama kwa heshima zote. "Mama, mimi kazi yangu ni ujirani."

"Tangu lini ujirani ukawa kazi?"

"Nahamia karibu yako. Polisi wakija nakusifu mpaka watamani ungewazaa wewe."

"Nyumba ya kushoto kwangu ni tupu," mama akasema taratibu. "Ila pesa sina, mwanangu. Zote ziko kwa Nishiwaki."

Akamkaribisha chai. Sebuleni Kuzumi akaona bakuli la chai, jeusi, limepinda upande mmoja, kupinda kule ambako matajiri wa Tokyo hukulipia bila kuuliza bei mara mbili.

"Hilo?" Mama akalifunika haraka kwa hariri. "Marehemu mume wangu alikuwa haligusi bila kunawa."

Moyo wa Kuzumi ulicheza ngoma. "Basi nitachukua hilo tu, mama. Kama kumbukumbu."

Mama akafuta jicho lililokuwa kavu. "Kibali kikitoka, ni lako."

Hivyo Kuzumi akapanga nyumba ya kushoto, akakaa kumsubiri afisa. Afisa hakuja. Zilikuja kazi.

"Jirani gani hanipunguzii theluji ya paa?" mama aliuliza. "Afisa si atashtuka?"

Akapanda paani na koleo. Kesho yake theluji ikarudi, naye akarudi paani. Akatenganisha taka, za kuungua na zisizoungua. Kabla hata ya wiki kwisha alinunua bolti kwa pesa yake na kulifunga kabati la chuma ukutani, huku mama akimwangazia tochi na kumkosoa. Kila alipolalamika kiuno, mama alifunua hariri kidogo, na kiuno kikapona. Kuzumi alipopata mafua, mama alimletea supu moto ya miso, ile ya soya, na lazima niseme ilikuwa supu nzuri sana.

Katikati ya Machi mama alitokea mlangoni na bunduki ndani ya mfuko wake, uso umemchanua.

"Kibali hiki hapa!"

"Mbona afisa hakunihoji?"

"Aliwahoji wengine, wakatosha. Lakini ahadi ni ahadi, mwanangu. Chukua bakuli lako."

Muuza vitu vya kale alilipindua mara moja tu. "Darasa la ufinyanzi la wazee, ukumbi wa kata. Mke wangu analo kama hili. La kwake halijapinda."

Kuzumi aliumia, aliumia kikweli, kwa uchungu wa mtu mwaminifu. Akaenda moja kwa moja kituo cha polisi, dawati la vibali.

"Afisa, Mama Horigome ni tapeli! Mtu wa aina ile hafai kushika silaha!"

Afisa akafungua faili. "Horigome? Majirani sita, wote wamemsifu. Mmoja alilia. Kibali chake kilitoka tarehe ishirini Desemba."

"Desemba?"

"Sheria inampa miezi mitatu ya kuichukua bunduki dukani. Alisema hana haraka, kwanza kuna kazi za nyumbani anataka zimalizike." Afisa akashika kalamu. "Haya, malalamiko yako. Tuanze na jina kamili, kisha unieleze mlikuwa na makubaliano gani."

Kuzumi akaitazama kalamu. Akayapitia makubaliano kichwani, hasa kile kipengele cha kuwadanganya polisi.

"Kwa kweli," akasema, "nilikuja kuuliza njia ya stesheni."

Afisa, mtu mwema, akachukua karatasi akamchorea ramani, na akamwekea alama mahali ambapo bado panateleza.