Ombi la Kumhamishia Mwalimu Mkuu Stoo

Kwa Mwalimu Mkuu Optatus,
Shule ya hapa kwetu, njia ya Kitangari, Newala.

Mwalimu,

Marahaba. Naitikia kabisa, maana najua ungeniamkia. Mimi ni bibi yake Somoe wa darasa la tatu. Shule sikuisoma, mimi nasema, Gervas wa bodaboda anaandika, na nimemkataza kunipambia maneno.

Mliponiambia mjukuu wangu ni mtoto maalumu, nilichinja jogoo. Kumbe! Yanayonikera ni haya:

1. Mgeni maalumu akija shuleni mnamweka mbele, kiti kina kitambaa, soda inafunguliwa. Maalumu wangu mmemweka stoo, anakalia gunia kati ya majembe na mafagio. Kitambaa kiko wapi? Soda nani kainywa?

2. Watoto wanamwita Kitengo, eti kwa kuwa stoo hiyo mmeiita kitengo cha watoto maalumu. Kitengo njoo, Kitengo pita. Somoe ni jina la mama yangu mzazi, na siku ya kumpa jina hilo, ngoma ilichezwa. Hilo la Kitengo mlilichezea ngoma gani?

3. Mnasema ni mzito wa kuelewa. Kizito ni sikio, Mwalimu, si kichwa. Somoe husikia kwa kukutazama mdomo, nanyi mnafundisha mmeukabili ubao. Migongo yenu inasema nini?

4. Ikiwa asiyesikia makao yake ni stoo, basi haki itendeke. Tangi la shule linavuja, tumekwambia tangu mikorosho haijatoa maua, hujasikia. Hamia stoo, wewe na meza yako. Diwani tumemlilia atutengenezee barabara mpaka koo zimekauka: naye stoo. Kamati ya shule, stoo. Magunia nitaleta mimi. Mkishajazana humo, Somoe atapata benchi la mbele, na hilo tu ndilo ninalolitaka.

Unisalimie mkeo, Mama Careen, na walimu wote, hata yule wa hesabu mwenye makofi. Mpishi wa uji mwambie sukari haiumi.

Ni mimi, na sitanii,
Bibi yake Somoe

Nyongeza: Somoe ndiyo kwanza anarudi bombani. Anasema juzi ulipopita hapa, yale maneno yako marefu niliyokuwa nikiyaitikia marahaba, marahaba, ulikuwa unaniambia kwamba Jumatatu anarudi darasani, benchi la mbele. Yeye aliyaona mdomoni mwako, akadhani nami nimesikia. Sikusikia hata moja. Basi barua hii uichome. Ila stoo msiifunge, nakuja mwenyewe. Gunia ninalo.