Gigahezi Zangu Zimekwenda Wapi?

Jumatatu, 3 Machi
Nimeweka mfumo endeshi mpya kwenye kompyuta ya kuhariri video, ubavuni mwa ule wa zamani. Nikamtangazia shangazi, mwenye studio, kwamba sasa kazi zitaruka. Nikapima. Mfumo wa zamani, kasi ya prosesa inapanda hadi gigahezi 4.7. Mpya, kwa kipimo kipya kinachojaza skrini nzima, 3.9! Nikafunika skrini kwa kalenda. Binamu kaiona ile 3.9. Huyo anakimezea mate kiti changu tangu tuanze kazi. Shangazi kasema mfumo wangu usipofika 4.7 kufikia Ijumaa, binamu anakalia kiti, mimi nakwenda kaunta kupiga picha za paspoti. Mimi! Paspoti!

Jumanne, 4 Machi
Kipimo kimoja chaweza kudanganya. Nimefungua vinne kwenye skrini, kwa pamoja. 3.7. Nimepuliza vumbi kwenye feni, nikapiga chafya juu ya chai ya binamu. Hiyo angalau imenifariji.

Jumatano, 5 Machi
Vipimo saba. 3.6. Nimempigia fundi. Kanieleza kwamba kiini kimoja cha prosesa hupanda hadi juu kabisa pale vingine vinapopumzika, akauliza nimefungua programu gani. Nikamwambia hakuna, vipimo tu. Akaniomba nivifunge. Nikivifunga nitaonaje? Nimemkatia simu. Fundi gani anaogopa kupimwa!

Alhamisi, 6 Machi
Vipimo tisa. 3.5. Binamu kaja na futi, anapima kiti. Sitoki.

Ijumaa, 7 Machi
Vipimo kumi na moja. 3.3! Shangazi kaniomba nisogee, akafunga vipimo vyote, akabakiza kimoja kidogo cha kona ya skrini. Mfumo uleule wangu: 4.7. Nimeruka hadi nikagonga taa. Nilisema! Shangazi kakubali mfumo ni mzuri na utabaki. Kisha akampa binamu kiti. Eti mfumo haukuwa na tatizo, mimi ndiye niliyekuwa naukosesha usingizi. Nimeumia, kusema kweli. Lakini 4.7 ni yangu, na hilo hawalifuti.

Jumamosi, 8 Machi
Kaunta. Asubuhi picha zilitoka haraka. Tangu saa nne kompyuta inajikokota, foleni imefika mlangoni, mtoto analia. Kuna mtu ananihujumu, na namjua. Nilihisi mapema. Ndiyo maana saa nne kasorobo nilishafungua vipimo kumi na viwili.