Mikuki Sita ya Mfalme

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Leo nimeamua. Sitabeba zege hadi kufa. Kuna shindano la filamu za simu, na mshindi atapelekwa kusomea filamu. Mwisho wa kupokea ni Jumamosi. Nitatengeneza ile tanzia ya zamani tuliyoisoma shuleni kabla sijaacha. Mfalme anafunga ghala wakati wa njaa na kuapa kwamba atakayelifungua atakufa kwa mkuki wake. Anayefungua ni mama yake mzazi. Anamuua, kisha anajiua. Saa tatu nzima jukwaani! Mwalimu alilia, sisi tulisinzia. Watazamaji wa siku hizi hawana subira, kwa hiyo kwangu mama anakufa dakika ya nne. Tarishi wa farasi nimemfuta. Mfalme atapigiwa simu. Wazee wanaoimba maonyo nao nimewafuta. Nani siku hizi anasikiliza wazee?

Jumanne, tarehe 4
Mfalme amepatikana. Fundi seremala, mwenzangu wa chumba hapa kambini, kitanda cha chini. Ana sauti nzito, na huzuni anayo tayari, haihitaji mazoezi. Miaka minne hajaishi na mkewe. Jumamosi Msimamizi wa ujenzi atamtangaza kuwa mnyapara, na mnyapara hupewa chumba chake na kibali cha kuleta familia. Ameshapima dirisha kwa ajili ya pazia! Mkewe ameanza kufunga mizigo. Alikataa kuigiza. Akasema, ndugu yangu, wiki hii niache nipite kimya kimya. Nikamuuliza: mtu anayeogopa kuwa mfalme dakika sita ataongozaje watu arobaini? Akakubali. Nilimpata.
Mama mpishi atakuwa mama wa mfalme. Amesema kama ni kufa, nisubiri sufuria ishuke kwanza.

Jumatano, tarehe 5
Tatizo: mikuki. Mfalme bila mikuki ni mlinzi wa lango tu. Nikakumbuka mirunda, ile miti inayoshikilia dari ya zege bichi. Iko mingi, imesimama bure. Zege lilimwagwa Ijumaa. Siku tano! Limekauka, nimeligonga kwa kidole. Mapumziko ya mchana nikachomoa sita, nikaichonga ncha kwa panga. Fundi akauliza miti imetoka wapi. Nikasema stoo.
Tukapiga picha. Mama mpishi alikufa mara nne. Ya tano akakataa, akasema amechoka kufa na vyombo havijioshi.
Jioni nikairudisha mirunda. Balaa! Kwa kuchongwa imekuwa mifupi. Nikaweka tofali chini ya kila mmoja. Imekaa vizuri, ukiiangalia kwa mbali.

Alhamisi, tarehe 6
Kona ya dari imeanguka. Saa nne asubuhi. Mlinzi wetu wa lango alikuwa amekaa chini yake, kivulini. Mguu umevunjika pawili. Tulimfukua kwa mikono, naye anamwita mama yake. Niliumia sana. Niliumia pia kwamba simu ilikuwa kwenye chaji, maana kishindo kile hakitapatikana tena.
Msimamizi alitukusanya. Akaapa kwamba aliyegusa mirunda ataondoka na nguo alizovaa, awe nani, hata awe kipenzi chake. Kiapo kizuri! Cha mfalme wangu kilipwaya kidogo. Nimekinakili.
Jioni fundi aliingia chumbani na mrunda wenye ncha, akaulaza kitandani kwangu kama maiti. Akaniuliza ni stoo gani ile. Nilikuwa na maelezo marefu. Hakuyataka. Akasema hatanitaja; nitakwenda mwenyewe kesho, kwa miguu yangu, kama mtoto wa watu.

Ijumaa, tarehe 7
Nilikuwa na nia ya kukiri, Mungu shahidi. Ila nikawaza: nikikiri kwa mdomo mtupu nitafukuzwa. Msimamizi akiiona kazi yenyewe, moyo utalainika. Kwa hiyo chakula cha mchana nikaionyesha filamu kwenye televisheni ya bwalo. Watu arobaini, kimya! Hata vijiko vilitulia. Dakika ya nne Msimamizi akasimama. Nikadhani analia. Akaamuru picha isimamishwe.
Yupo pale, wazi kama jua: fundi seremala, taji la bati kichwani, mrunda uliochongwa mkononi, mingine mitano nyuma yake. Mimi sionekani popote. Mwongozaji haonekani, ndiyo kazi ilivyo.
Msimamizi akamuuliza kama ana la kusema. Fundi akanitazama. Mama mpishi naye akanitazama, mwiko mkononi, akauliza kwa sauti kama ulimi wangu nimeuazima kwa mtu na leo ameuchukua. Nilikuwa natafuta maneno yanayofaa. Jambo zito halitaki maneno ya ovyo. Kabla sijayapata, fundi akasema mirunda ni dhamana yake, na seremala asiyejua miti yake iko wapi hafai kuongoza mtu.
Akaenda kukunja shuka.

Jumamosi, tarehe 8
Ameondoka asubuhi. Nilimbebea sanduku hadi barabarani. Mimi si mtu wa kukosa utu. Nikamwambia asihuzunike, si alitaka kuishi na mkewe? Sasa atakuwa naye kila siku! Akampigia mkewe pale pale, akamwambia asiendelee kufunga mizigo. Basi. Akakata simu, akakaa juu ya sanduku, mgongo unatetemeka, sauti hakuna.
Nikatoa simu yangu taratibu. Uso sikuupata, lakini mgongo ule! Watazamaji watalia. Nimeuweka mwishoni, mahali pa kifo cha mfalme, nikatuma. Ameigiza vizuri kuliko siku zote, na hata hakujua.
Mchana amefika seremala mpya. Amepewa kitanda cha chini. Mrefu, mabega mapana, mpole, anaitikia kila neno. Nimemsimulia tanzia nyingine, ya mfalme anayeruka kutoka mnarani. Mnara ninao: lile jukwaa la miti wanalopandia mafundi upande wa nje. Nimelichunguza leo. Limefungwa kamba nyingi mno, zinaziba picha. Kesho hakuna kazi. Nitafungua nusu tu.