Kila Kitu Mahali Pake

Jumatatu, 3 Machi

Bi Kimya wangu,

Wasomaji wa maktaba walikupa jina hilo, nami nikaliiba. Tangu ututoke, nyumba nzima ingefaa kuitwa hivyo, kama si dada yako.

Binti yetu kapata nafasi vyuo viwili. Shahada ya ukutubi na sayansi ya habari, kazi yako ileile! Chuo kimoja kipo hapa mjini. Atarudi kula nyumbani. Cha pili ni safari ya kutwa kwa basi. Ijumaa ndiyo mwisho wa kuthibitisha. Nimeamua achague cha hapa. Yeye sijamwambia.

Nimemtisha kwamba kule kuna baridi ya kuvunja mifupa. Akajibu kwa upole kwamba kule ni joto kuliko hapa. Dada yako, Redio, akadakia kutoka jikoni: shemeji, jiografia ilikushinda tangu shule, iache! Alikuja kutufariji siku ya mazishi. Hajaondoka. Hajanyamaza.

Jumanne, 4 Machi

Leo mgongo. Nimelala chali, naguna kama mlango mbovu. Baba mgonjwa haachwi! Binti akaingiwa na huruma, akaketi kitandani. Mambo yakaanza kuninyookea. Ndipo Redio akaja na dawa ya kuchua. Mikono yake ni ya kupondea kokoto. Sasa mgongo unauma kweli.

Jumatano, 5 Machi

Nimemuuliza binti kwa nini kule. Kasema wanafundisha kutibu vitabu vilivyochakaa, kushona majalada, kuziba kurasa zilizoliwa na mchwa. Kasema wewe ulikuwa ukibandika kurasa kwa uji wa ngano pale mezani, ukitamani mtu akufundishe vizuri.

Ule uji! Siku moja niliunywa, nikalalamika haukutiwa sukari. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Nikatoka nje, nikajifanya nafagia.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango wa mwisho. Namba ya kuthibitishia chuo cha mbali binti kaiandika kwenye jalada la kijitabu chao. Nimekificha kijitabu katikati ya vitabu vyako vyote. Atafute mpaka Ijumaa ipite!

Kakipata kabla chai haijapoa. Nilikuwa nimekiweka rafu ya elimu, upande wa vyuo, kwa mpangilio wa herufi. Mkono ulikwenda wenyewe. Ulinigombeza miaka mingi kwamba kitabu kisipokaa mahali pake kimepotea. Hata kuficha umeninyima.

Binti alicheka. Mara ya kwanza tangu tukuzike. Kicheko chako, kile cha kuziba mdomo kwa kiganja. Redio akaja mbio, akaelezwa, akanyamaza. Naam, Redio! Kisha binti akaniuliza kama sitaki aende.

Nikamwambia: nenda, mama.

Jumapili, 16 Machi

Kaondoka asubuhi. Redio naye karudi kwake. Stendi alinishika mkono, akasema shemeji, hila zimekuishia, sasa pumzika. Nikamwitikia kwa moyo wote.

Nimekula nimesimama. Sikujua nikae kiti cha nani.

Kesho nitampigia binti simu: ufunguo wa kabati lako la vitabu umepotea, aje anisaidie kuutafuta. Safari hii nimeuficha vizuri. Upo kwenye msumari wake.

Miwani yako iko palepale ulipoiacha. Nami pia. Unikumbuke.